Sufuria ya Pili

Meli ilipopiga honi Bukoba, Mpishi aliacha sufuria motoni. Hakujali ni nani amekaa kwenye benchi, karani au mchukuzi, wala hakujali kama maji yamechemka. Alijifuta mikono kwenye koti lake kuukuu la jeshi, akatoka kibandani kwake Kashai kwa hatua za askari hadi gatini, akasimama pale wasafiri wanapoteremkia. Hakuwa anampokea mtu. Alikuwa na swali moja tu, na alimwuliza kwa adabu ya Kihaya kila aliyeonekana ametoka mbali.

"Waitu, huko utokako kuna hoteli inayopika tambi za mkono? Za Kichina, zile za kuvuta?"

Waliotoka Mwanza walisema hakuna. Waliotoka Kisumu walisema hakuna. Mmoja aliyetoka Kampala alidhani anatukanwa, akataka kupigana. Mpishi alimshukuru huyo pia, akarudi kwake, akakuta tambi zimekuwa uji. Akamwaga, akaanza upya. Wateja waliomzoea, wakisikia honi, waliagiza chai mapema.

Watu wa Muleba husema mimi nilijitengeneza mwenyewe. Wamesema hivyo miaka mingi, na ni mimi niliyewafundisha kusema. Nilisoma darasa la kwanza na la pili. La tatu nililichungulia dirishani, nikaona halinifai. Leo nina nyumba ya bati, nina shamba la kahawa, nina hoteli ambayo wenye digrii hupanga mstari kuingia. Nilikuwa nawaambia yote hayo yametoka kwenye mikono hii miwili. Ni kweli yametoka humo. Ila mikono hii ilifundishwa na mtu, na huyo mtu nilimnyamazia. Sasa nimezeeka, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Koma atazirekebisha mjukuu.

Sitasema Mpishi alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakuniambia, nami sikumwuliza. Kwetu ukianza kumwuliza mtu ukoo wake na mwiko wake, watu wanajua umekuja kuposa. Mimi nilikwenda kuuza samaki.

Enzi hizo za Mwingereza, baada ya vita ya Hitla, nilikuwa mchuuzi wa baiskeli. Wavuvi walivusha samaki wakavu kutoka kisiwa cha Goziba, mimi niliwapokea ufukweni upande wa Muleba, nikafunga mzigo, nikapanda nao vilima hadi Bukoba. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na miguu yangu ilikuwa kama mihimili. Siku ya kwanza kumwona, niliingia Kashai jua limeinama na njaa imenikaba. Nikaona kibanda, benchi moja, na mtu mrefu mwembamba anapigana na donge la unga.

Alilishika ncha mbili, akalivuta hadi mikono ikaisha. Akalikunja, akavuta tena. Akalipiga mezani, pa! Uzi mmoja ukawa nyuzi mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, kisha ukaja wakati macho yangu yakaacha kufuata. Akazitupa nyuzi kwenye maji yanayochemka.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni kamba au ni chakula?"

"Kaa," akasema bila kunitazama. "Ikiwa kamba utafungia samaki wako. Ikiwa chakula utanyamaza."

Nilinyamaza. Mchuzi ulikuwa wa mifupa ya ng'ombe na vichwa vya samaki, na zile tambi zilikuwa zinateleza lakini zina ubishi kidogo mdomoni, kama nyama changa. Nilipomaliza nilimwuliza kama anahitaji samaki. Akasema, "Vichwa. Miili wauzie wenye pesa." Toka siku hiyo akaniita Samaki, na jina langu halisi sidhani kama aliwahi kulijua.

Msifikiri watu walimkimbilia. Mji mzima ulisema anapika minyoo. Siku moja aliingia mkulima mnene wa Kagoma, aliyeleta kahawa mjini, akachungulia bakuli la jirani yake akarudi nyuma.

"Mimi Mhaya," akasema. "Sili minyoo."

Mpishi akaweka chini mwiko. "Senene ana miguu mingapi?"

"Sita."

"Ana mabawa?"

"Anayo."

"Na macho anayo, na wewe unamtafuna na kichwa chake, tena unasema msimu uchelewe kuisha. Hii yangu haina hata jicho la kukutazama. Kaa chini."

Benchi zima lilicheka. Mkulima akakaa kwa hasira, akala kwa hasira, akamaliza. Kisha akafuta mdomo akasema lile neno ambalo Mpishi alilisikia kila siku ya maisha yake: "Haya. Sasa chakula kiko wapi?" Maana kwetu mtu ambaye hajala ebitoke, ndizi zetu za kupika, hajala. Unaweza kumjaza tambi mpaka shingoni, atakwenda nyumbani amwambie mkewe hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Na Mpishi mwenyewe alikuwa hivyo hivyo! Hilo lilinichekesha miaka yote. Alihubiri tambi mji mzima, lakini saa yake ya kula ikifika aliingia uani, mkewe akamfunulia ebitoke na maharage kwenye jani, akala peke yake kama mwizi. Nikamshika siku moja.

"Mzee, mbona huli zako?"

"Tambi ni kazi," akasema. "Hiki ndicho chakula. Usichanganye."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa pande mbili. Alikuwa ametoka kwenye vita huko Bama, jirani na Uchina, na hakuogopa mtu, lakini radi ikipiga aliingia chini ya meza, na pale Bukoba radi si mgeni. Koti lake lilikuwa halijui sabuni, lakini hakumpa mtu bakuli bila kumkagua mikono. Alikuja karani wa bomani, na tai, na kalamu mfukoni.

"Mikono," Mpishi akasema.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ni mtu mwenye wino vidoleni. Maji yako pale kwenye debe."

Karani akanawa. Tulitazama miguu yetu, maana karani wa bomani angeweza kumfunga mtu kwa kucheka tu. Alikula mabakuli mawili, na wiki iliyofuata alikuja ameshanawa.

Kulisha hakuwa mchoyo. Sifa ndiyo aliificha kama mwanamke anavyoficha mbegu zake. Miaka mitatu nilimfahamu kabla sijamsikia akisema kitu ni kizuri, na kitu chenyewe kilikuwa mvua.

Tambi alijifunza kwa Mchina, huko huko Bama. Yule Mchina alikuwa mpishi wa kambi ya jirani, na Mpishi aliumwa mguu, hakuweza kwenda na wenzake mbele, wakamweka jikoni kubeba maji. Miezi kadhaa walivuta unga pamoja. "Hatukuelewana hata neno la kuombana chumvi," aliniambia. "Kosa nililijua kwa mwiko kichwani. Nikipatia, hakuna kitu." Nadhani ubahili wa sifa alijifunza huko.

Siku ya kuagana, Mchina alimwonyesha sufuria yake, akainua kidole kimoja, kisha akakizungusha kando ya kichwa kama mtu anayesema kichaa. Akainua vidole viwili, akajipiga tumboni kwa furaha, akacheka. Akamshika Mpishi mikono yote miwili na kumsukuma aende. Mpishi alitembea na maneno hayo yasiyo na maneno hadi Bukoba. Alikuwa na tafsiri yake: sufuria moja ni kichaa, sufuria mbili ni kazi. Mtu mmoja akipika hivi katika nchi, watu watasema ana wazimu, naye akifa wazimu wake unazikwa. Wakiwa wawili, ni ufundi, na ufundi una wenyewe.

"Labda alikuwa anasema anataka sufuria nyingine," nikamtania.

"Labda," akasema, na hakucheka.

Ndiyo maana alikwenda gatini. Alikuwa anatafuta sufuria ya pili. Aliitafuta Tanganyika nzima kwa kusimama mahali pamoja, kwa sababu nauli ya kuzunguka hakuwa nayo. Alikuwa na mwana mmoja tu, na huyo alisema hakusomeshwa na misheni ili akavute unga.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, maana bila hilo tambi hazipo. Alipotoka vitani alihangaika miezi. Unga wa ngano aliupata kwa Mhindi, mikono alikuwa nayo, lakini kila akivuta donge lilikatika. Mchina alikuwa akitia maji fulani kutoka kwenye kopo, na Mpishi aliamini ni dawa ya kwao Uchina. Akajaribu magadi ya dukani, wapi. Akajaribu chumvi, wapi. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi, anasikiliza mume anavyotukana unga kwa Kiswahili cha jeshi.

"Hayo maji ya Mchina wako yalinuka nini?" akamwuliza.

"Yalinuka jivu."

"Si ungesema."

Mwanamke akachukua maganda ya ndizi alizomenya, akayaanika, akayachoma, akachuja majivu kwa maji kama mama zetu walivyofanya wakitaka kulainisha maharage magumu. Mpishi akatia matone kwenye unga. Ukavutika hadi mlangoni. Alivuka bahari na kurudi, dawa ya Uchina ikawa iko nyuma ya nyumba yake imelaliwa na mbuzi. Aliisimulia hadithi hiyo kwa kila mtu, na kila mara alimwita mkewe aje aonekane. Huo nao ulikuwa upande wake mwingine: hakuona haya kusema ni nani aliyemfumbua macho. Laiti ningejifunza hilo kabla ya tambi.

Baada ya hapo akawa na masharti ambayo niliyaona ni uchizi. Kila asubuhi alipita kwa majirani kuomba maganda, lakini ya ndizi za kupika tu. Akiona ganda la ndizi ya pombe alilitupa kama nyoka. Yalikauka juu ya bati, yakachomwa peke yao, bila kijiti cha kuni. Nami nilisimama pale na samaki wangu nikacheka moyoni.

Mimi alianza kunipa kazi bila kunipa kazi. Mvua ikinizuia nilikaa, nikachochea moto. Kisha nikakanda. Siku moja akanisukumia donge: "Vuta." Nikavuta likakatika. Mwiko ukanifikia kichwani, mimi baba wa watoto wawili. Lakini kila safari nikarudi, na kila safari nikavuta, mpaka nikafika nyuzi thelathini na mbili bila kukata. Hakusema kitu. Nikajua nimepatia.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Kibanda kimejaa, nami nikataka kuonyesha watu. Nikavuta kwa nguvu za majivuno, donge likakatikia mbele ya macho yote.

"Mkono wako mzito, Samaki," Mpishi akasema kwa sauti ya gwaride. "Rudi kwenye baiskeli."

Watu wakacheka. Mimi nikatupa donge mezani, nikachukua baiskeli yangu, sikusema hata kwaheri. Nilipanda kilima cha kwanza bila kusikia miguu.

Nilifungua hoteli yangu Muleba, kando ya barabara, pale malori ya kahawa yalipopumzika. Unga nilinunua, mikono nilikuwa nayo. Majivu nikaona ni majivu tu, kwa nini niombeombe maganda kwa watu kama Mpishi? Maganda ya kahawa yalikuwa yamelundikana kwenye kinu, ya bure, tena ya kahawa, mali ya heshima. Nikachoma gunia zima. Maji yake yalikuwa makali yanachoma ulimi, na tambi zikatoka za rangi ya udongo, chungu, zinavunjika kama vijiti. Dereva mmoja akaunyanyua uzi akaugonga mezani: "Umetuletea fito, mzee? Tujenge?"

Mwezi mzima nilichekwa. Ndipo nilipomkumbuka yule mtu akitupa ganda la ndizi ya pombe kama nyoka. Siku iliyofuata, mimi mwenye kiburi kile, nilipita nyumba kwa nyumba na kikapu, "Waitu, nisaidieni maganda." Ya ndizi za kupika tu. Tambi zikakaa sawa. Madereva wakaanza kupanga safari ili njaa iwapate Muleba.

Wakiniuliza nimejifunza wapi, nilisema, "Kichwani mwangu."

Sasa mtu wa kwetu atakuwa ameshaona kosa langu, na hataliona kwenye uongo tu. Kwetu ukipika lubisi, pombe yetu ya ndizi, huwanyweshi watu kabla hujapeleka kibuyu cha kwanza kwa mkubwa wako: baba, mkwe, au aliyekupa machipukizi ya migomba yako. Asipoonja yeye, hiyo si pombe, ni maji yaliyochacha. Mimi nilifungua sufuria, nikalisha barabara nzima, na aliyenipa chipukizi hakuonja. Nilikuwa na kisingizio kizuri: tambi hazisafiri. Ukizipakia Muleba, zitafika Bukoba zimekunywa mchuzi wote, zimekuwa ugali. Kisingizio hicho nilikilalia miaka miwili. Na nilijua kabisa kwamba kila wiki kuna mtu anasimama gatini akiuliza swali ambalo jibu lake ni mimi.

Mwishowe mchuuzi mmoja wa samaki, aliyechukua njia yangu ya zamani, aliketi kwangu akala. Akaniambia, "Mpishi wa Kashai amefunga. Baridi yabisi imemkunja vidole."

"Na gatini?"

"Huko bado anakwenda. Watoto wanamwita kichaa wa tambi. Wiki jana nilimhurumia, nikamwambia, mzee, hoteli ipo, iko Muleba kwa Samaki."

Nikaweka bakuli chini. "Akasema nini?"

"Akasema anajua. Akasema hiyo bado haijafunguliwa."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilifunga hoteli, mara ya kwanza kuifunga siku ya kazi, nikapanda lori na kilo za unga, chupa ya maji ya majivu, na mifupa ya mchuzi iliyofungwa kwenye jani. Tambi hazisafiri. Lakini unga unasafiri, na mikono inasafiri, na hilo ningeweza kulifikiri siku ya kwanza kama ningetaka.

Nilimkuta uani kwake, saa nne hivi, amekaa kwenye lile benchi la wateja. Mkewe alinitazama mimi, akatazama mfuko, akaanza kupanga kuni. Nikachutama kumsalimu kama mtu anavyomsalimu tata, baba yake. Akanyoosha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni. Vidole vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku, na punje zikamwagika chini. Nikaziokota moja moja. Nikatafuna.

"Wewe uliyetoka mbali," akasema, kwa sauti ile ile ya gatini. "Huko utokako kuna hoteli inayopika tambi za mkono?"

"Ipo, tata. Muleba, barabarani."

"Nani aliyeonja kwanza?"

"Hajaonja mtu."

"Nasikia watu wamekula miaka miwili."

"Wamekula," nikasema. "Hawajaonja."

Kisha akaonyesha chupa kwa kidevu, nikamsogezea puani. Akanusa.

"Ndizi."

"Ndizi."

"Hukujaribu nyingine?"

Nilitaka kusema uongo. "Nilijaribu maganda ya kahawa."

Yule mtu alicheka. Miaka yote sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mpaka machozi yakamtoka na mkewe naye akageukia ukuta mabega yakitikisika. "Hata huyu aliyajaribu baadaye!" mama akasema. "Gunia zima! Nilimwacha tu mpaka alipochoka!"

Nikakanda. Nikanawa tena mikono bila kuambiwa. Nikavuta mbele yao, na mara ya kwanza donge likakatika, maana mimi niliyelisha madereva wa mkoa mzima nilikuwa navuta kama siku ya kwanza. Nikangoja mwiko. Hakuwa na uwezo wa kuushika.

"Tena," akasema.

Nikavuta tena, polepole, bila nguvu za watu kunitazama. Mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne. Nikatupa majini. Mkewe akamshikia bakuli kifuani, mzee akala. Alikula kama mtu anayesoma barua, akirudi nyuma, akienda mbele.

"Mkono bado mzito," akasema. "Ila umefungua."

Wakati huo honi ya meli ikalia kutoka ziwani, ndefu, kama kawaida yake. Mimi na mama tulimtazama wote wawili. Koti lilikuwa pale pale kwenye msumari, karibu na bega lake. Mama akanyanyuka nusu, kwenda kumvalisha.

Mpishi hakugeuza kichwa. Alinisogezea bakuli kwa mikono yake miwili iliyopinda.

"Ongeza mchuzi," akasema.